Spaceballs na masharti ya utani: dhihaka ya filamu za anga inapolenga na inapokosa

Mel Brooks alipoitoa Spaceballs mwezi Juni 1987, Star Wars ya kwanza ilikuwa imetimiza miaka 10 na ya tatu ilikuwa na miaka 4 tangu ionyeshwe. Baadhi ya wahakiki wa Marekani walilalamika kwamba mzaha huo umechelewa, kwa kuwa kila kilichoweza kuchekwa katika vita vya nyota kilikuwa kimekwisha kuchekwa na wengine. Lalamiko hilo lina uzito New York, ambako filamu hutazamwa kwa mpangilio wa kutoka kwake. Kigoma halina uzito wowote. Hapa filamu ya mwaka 1979 na ya mwaka 2019 hukaa katika flashi moja na hutazamwa jioni moja, na mtu anaweza kukutana na dhihaka miaka mingi kabla ya kukutana na kinachodhihakiwa, au asikutane nacho kabisa. Nataka kuutumia mchanganyiko huo kama kipimo, kwa sababu unajibu swali ambalo mtazamaji anayejua kila kitu hawezi kulijibu kwa haki: je, filamu hii inachekesha kwa sababu imeielewa kazi inayoiiga, au kwa sababu tu inatukumbusha kwamba tumekwisha kuiona?

Jibu langu ni kwamba Spaceballs ni filamu mbili ndani ya moja. Ya kwanza hubadilisha majina na mavazi ya filamu mashuhuri, na hiyo imechakaa. Ya pili hushambulia kanuni ambazo filamu za anga huzifuata bila kuzitamka, yaani ukubwa wa vyombo, kasi, utisho wa adui, biashara ya midoli, na jitihada isiyokoma ya kuficha kwamba mambo yote haya yamejengwa ndani ya studio. Hii ya pili bado ina makali, na haihitaji mtazamaji awe ameisoma historia ya Hollywood.

Utani, kama tunavyoujua sisi, una masharti. Mtani anayekuja matangani na kumwigiza marehemu, jinsi alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema, jinsi alivyokuwa akizihesabu fedha mara mbili mbili, hachekeshi kwa sababu amevaa koti la marehemu. Koti mtu yeyote anaweza kulivaa. Anachekesha kwa sababu ameinasa tabia ambayo wafiwa wenyewe walikuwa wameizoea hadi wakaacha kuiona, na hakuna anayemkasirikia kwa kuwa ana ruhusa. Brooks naye aliitafuta ruhusa. Amesimulia kwamba alimwendea George Lucas, muundaji wa Star Wars, naye Lucas akakubali kwa sharti moja: pasiuzwe midoli ya Spaceballs, kwa kuwa ingefanana mno na midoli ya Star Wars. Sharti hilo ni la kibiashara tupu, na nadhani ndilo lililoipa filamu hii shabaha yake bora kuliko zote, kama nitakavyoeleza.

Hadithi yenyewe inasimulika kwa pumzi moja. Sayari ya Spaceball imeifuja hewa yake yote. Rais Skroob, anayechezwa na Brooks mwenyewe, anapanga kuiba hewa ya sayari jirani ya Druidia kwa kumteka binti mfalme, Vespa, ambaye ametoroka siku ya harusi yake. Na msafiri mwenye madeni, Lone Starr, pamoja na rafiki yake Barf ambaye nusu ni mtu na nusu ni mbwa, wanakubali kumrudisha kwa malipo. Ukiitazama vizuri, huu si mkondo wa Star Wars. Bibi harusi anayetoroka, baba mwenye mali, kijana fukara anayemsaidia kwa ajili ya fedha kisha akampenda: hivi ni vichekesho vya mapenzi vya Hollywood ya miaka ya 1930 vilivyovalishwa helmeti. Yule kijana wa shambani wa Star Wars anayeota kuondoka kwao hayumo, kwa kuwa Lone Starr amemuunganisha yeye na yule mfanyamagendo wakawa mtu mmoja, na katika kuwaunganisha, safari ya kukua ambayo ni uti wa mgongo wa filamu ya mwaka 1977 imeachwa nje. Brooks haichekei safari hiyo. Anakichekea kilele chake tu, lakini anakichekea vizuri: wakati adui anapofichua undugu wake na shujaa, kama ilivyokuwa katika filamu ya mwaka 1980, tunaambiwa kwamba yeye ni mtu aliyewahi kukaa chumba kimoja na binamu wa mpwa wa kaka wa baba yake Lone Starr. Shujaa anauliza, sasa hilo linatufanya tuwe nani? Anajibiwa: si chochote. Kwa Kigoma, lazima niseme, mzaha huu una mushkeli, kwa kuwa nimemsikia mzee mmoja akisema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kwa hesabu hiyo hao ni ndugu.

Nilikuwa nimeomba filamu hii iwekwe katika kibanda kimoja cha video cha Mwanga, hapa Kigoma, mchana wa siku isiyo na mpira, na mwenye kibanda akajitolea kuitafsiri mwenyewe papo kwa papo, kwa mtindo ule ambao sauti za watu kama Lufufu na DJ Mark ziliufanya ujulikane nchini. Waliokuwamo walikuwa vijana wa bodaboda wanaokwepa jua, wachuuzi wawili watatu waliotoka Kibirizi, na wazee wasiokuwa na haraka. Wengi wao walikuwa hawajaiona Star Wars hata moja. Kwa ajili hiyo walikuwa mashahidi wazuri.

Filamu inaanza kwa maandishi yanayopanda angani, kisha chombo kinapita juu ya vichwa vyetu. Katika filamu ya mwaka 1977 picha hiyo ilikuwa na kazi maalumu: kumfanya mtazamaji ahisi kwamba dola ile ni kubwa kupita kiasi, na kwamba yeye ni mdogo. Brooks anaichukua kazi hiyohiyo na kukataa kuikomesha. Chombo kinaingia, kinaendelea kuingia, muziki unapanda kana kwamba sasa kitakwisha, hakikwishi, muziki unatulia ukisubiri, unapanda tena, na hivyo hivyo kwa zaidi ya dakika moja. Dakika moja ni muda mrefu sana katika filamu. Kibandani watu walianza kwa kunyamaza, wakafuata kwa kunong'ona, kisha mmoja akauliza kama mashine imekwama, na hapo kicheko kikaanza. Hakuna aliyehitaji kuijua picha asilia, kwa sababu kilichochekwa hakikuwa picha ile bali kiburi kilichomo ndani yake, imani kwamba kikubwa zaidi ni cha kutisha zaidi. Na nyuma kabisa ya chombo kuna kibandiko chenye maneno ya kusema kwamba wao hawamfungii breki mtu yeyote. Mahali ambapo kila basi la kwenda Kasulu limeandikwa neno la majigambo nyuma yake, mzaha huo ulipokewa kama jambo la kila siku, na pengine ulieleweka hapa zaidi ya ulivyoeleweka kwa waliotengenezewa.

Dark Helmet, adui mkuu wa filamu hii, ni mfano mwingine wa dhihaka iliyolenga. Mwenzake wa Star Wars ni mrefu, anapumua kwa mashine, na uso wake hauonekani. Utisho wake wote umejengwa juu ya mambo hayo matatu. Rick Moranis, anayemcheza Helmet, ni mfupi, helmeti yake ni kubwa kuliko kifua chake, na anapoingia akipumua kwa kishindo tunamsubiri atamke neno la kutisha, kumbe anainua kifuniko cha uso na kulalamika kwamba hawezi kupumua humo ndani. Brooks ametambua kwamba vazi lile lilifaa kwa sababu tu hakuna aliyeuliza maswali ya kawaida juu yake: mtu huyu anakunywaje kahawa? Anaonaje? Anapika jasho kiasi gani? Swali moja la kawaida linatosha kulibomoa. Kuna mandhari fupi ambamo Helmet yuko peke yake chumbani, anacheza na midoli ya wahusika wa filamu hii hii, akiwasemea sauti, akimfanya mdoli wake mwenyewe ambusu mdoli wa binti mfalme, hadi ofisa wake anapoingia ghafla. Vijana walicheka hadi mtafsiri akanyamaza. Mandhari hiyo ina akili zaidi ya inavyoonekana, kwa maana midoli ile ndiyo hasa ambayo Lucas alikataza isiuzwe. Ipo ndani ya filamu, mikononi mwa adui, na haikuwa dukani.

Kuhusu kasi sina mengi ya kusema, ila kwamba mzaha ni sahihi hata kwa macho. Filamu za anga zilituzoesha kuona nyota zikinyooka na kuwa mistari chombo kinapofikia kasi ya mwanga. Helmet anaona kasi ya mwanga ni ndogo mno, anaamuru ipitwe, anakataa kufunga mkanda, na nyota zinanyooka kuwa mistari, kisha mistari ya rangi nyingine inazikatiza, mbingu nzima inakuwa mirabamiraba. "Shuka la Kimasai!" mtu akapaza sauti kibandani. Brooks hakubuni kitu kipya. Ameichukua mistari iliyokuwapo na kuiongezea mingine, na kwa kufanya hivyo ametuonyesha kwamba hata ile ya kwanza ilikuwa pambo la mchoraji tu.

Sasa tugeukie upande uliochakaa. Pizza the Hutt, jambazi lililotengenezwa kwa chakula kinachoyeyuka, ambalo jina lake ni mchezo wa maneno juu ya Jabba the Hutt, jambazi la Star Wars, na Pizza Hut, mgahawa wa Marekani, halina mzaha wowote baada ya jina; tunabaki tukitazama jibini likidondoka. Mwisho wa filamu, ambapo kichwa cha sanamu kubwa kinaangukia ufukweni na sokwe juu ya farasi wanakuja kukitazama, ni rejeo la Planet of the Apes ya mwaka 1968. Anayeijua atatabasamu kwa kuijua. Asiyeijua haoni chochote, na haoni kwa sababu hakuna cha kuona: filamu haisemi neno lolote juu ya mwisho ule wa kutisha, inauonyesha tu kwa mkono. Kibandani palikuwa kimya kama saa ya adhana. Kukumbusha na kudhihaki ni kazi mbili tofauti, na dhihaka nyingi za miaka ya karibuni, zikiwamo zile fupi zinazosambazwa katika simu, zimezichanganya.

Lipo rejeo moja, hata hivyo, ambalo linavuka mstari huo. Ndani ya mgahawa wa angani anakaa John Hurt, mwigizaji yuleyule ambaye katika Alien ya mwaka 1979 kiumbe kilimpasua kifua akiwa mezani pamoja na wenzake. Anakula, anashikwa na maumivu yaleyale, kiumbe kinatoka tumboni, naye anasema kwa sauti ya mtu aliyechoshwa na maisha kwamba, jamani, imetokea tena. Kisha kiumbe kinavaa kofia, kinashika bakora, na kucheza juu ya kaunta kikiimba. Hapa rejeo limefanya kazi ya kiuchambuzi. Mandhari ya mwaka 1979 ilitisha kwa sababu haikutarajiwa. Ukiirudia kwa uso uleule, mezani palepale, mshangao unageuka kuwa usumbufu, na usumbufu ni adui mkubwa wa utisho. Ni maelezo mafupi ya nini kinazipata filamu za kutisha zinapotengenezewa mwendelezo. Watazamaji wangu waliruka kwanza, kisha wakacheka kwa sababu ya ngoma ya kiumbe. Sehemu ya Hurt iliwapita, na hilo ni sawa, kwa kuwa mzaha umejengwa kwa ghorofa mbili na ya chini inajitegemea.

Lakini mandhari ambayo kwangu mimi ndiyo kilele cha filamu haina chombo wala kiumbe. Helmet na ofisa wake, Kanali Sandurz, wamewapoteza mashujaa wanaowafukuza. Kanali anatoa wazo kwamba waitafute kaseti ya filamu hii, Spaceballs, na kuitazama ili wajue wahusika wamekwenda wapi. Helmet anashangaa: inawezekanaje kaseti iwepo na sisi tungali tunaitengeneza filamu yenyewe? Anajibiwa kwamba siku hizi kaseti hufika madukani kabla filamu haijakwisha. Wanaitia kwenye mashine, wanaipeleka mbele mbio mbio, wanapita mahali Helmet alipogonga ukuta kwa kutofunga mkanda (anaamuru pasionyeshwe tena kamwe), hadi wanafika kwenye dakika hii hii waliyomo. Skrini inamwonyesha Helmet akiitazama skrini. Anageuka, na wa kwenye skrini anageuka. Anapunga mkono. Kisha yanafuata mabishano ya kujua tunachokitazama kinatokea lini, na kama sasa ni sasa, ile ya awali imekwenda wapi; wamekwisha kuipita, anaambiwa.

Mwenye kibanda, rimoti mkononi, alikuwa ameacha kutafsiri. Hakukuwa na haja. Watu hawa wameziona filamu zilizorekodiwa kwa kuibia ndani ya ukumbi wa sinema, zenye kivuli cha mtu anayesimama kwenda chooni, zikiuzwa mjini wakati bango rasmi bado linasema zitakuja hivi karibuni; na kila siku wanamwona mtu mmoja akiwa na mamlaka ya kuipeleka hadithi mbele, kuirudisha nyuma, au kuruka busu. Mzaha wa mwaka 1987 juu ya kaseti umekuwa maelezo ya kawaida ya jinsi filamu inavyotufikia.

Hapa nategemea pingamizi, nalo ni la haki. Atakayesema kwamba mzaha wa kaseti hauhusiani na anga, na kwamba ungeweza kuingia katika filamu yoyote, ana ushahidi: Brooks mwenyewe alikwisha kufanya jambo la jinsi hiyo katika Blazing Saddles ya mwaka 1974, ambayo mwisho wake wapiganaji wa filamu ya ng'ombe na bastola wanabomoa ukuta na kumwagikia kwenye studio ya jirani. Katika Spaceballs pia kamera inamsogelea Helmet hadi inamgonga. Askari wanawakamata mashujaa na kugundua kwamba wamekamata waigizaji mbadala wa hatari. Na katika pambano la mapanga ya mwanga Helmet anamkata kwa bahati mbaya fundi mmoja wa filamu, kisha anamsingizia mwenzake. Je, hii ni dhihaka ya filamu za anga au tabia ya Brooks tu?

Nasema ni vyote viwili, lakini uzito uko upande wa kwanza. Filamu ya mapenzi inaweza kukuonyesha chumba na usijali kama ni chumba kweli au ukuta wa mbao. Filamu ya anga haina nafasi hiyo. Hakuna sehemu yake iliyopatikana bure: kila nyota, kila mlango unaojifungua wenyewe, kila mlipuko lazima utengenezwe, na kisha alama za kutengenezwa kwake zifutwe. Lucas alianzisha kampuni nzima ya picha za kiufundi, Industrial Light & Magic, mwaka 1975, kwa kuwa hapakuwa na aliyeweza kumfanyia ufutaji huo kwa kiwango alichokitaka. Aina ya filamu inayotumia nguvu nyingi hivyo kuficha mkono wa fundi ndiyo inayoumia zaidi fundi anapoonekana amesimama katikati ya pambano. Ng'ombe hana siri ya kufichua.

Ndipo tunafika kwenye midoli. Lone Starr na wenzake wanampata Yogurt, mzee mdogo wa rangi ya dhahabu mwenye hekima, naye pia anachezwa na Brooks. Jina lake ni mabadiliko ya herufi za jina la Yoda wa Star Wars, na kama mambo yangeishia hapo ningemweka kapu moja na jambazi la jibini. Ila wanapomuuliza anafanya kazi gani pangoni, hawapeleki kwenye mafunzo ya kiroho. Anafungua ukuta na kuonyesha duka: fulana za Spaceballs, kitabu cha kupaka rangi, kisanduku cha chakula cha shule, nafaka ya asubuhi, hata mashine ya kurusha moto ambayo anasema watoto wanaipenda, na mwisho mdoli wake mwenyewe. Fedha halisi ya filamu, anaeleza, iko hapa. Hilo si chumvi. Lucas alipokuwa akipatana na 20th Century Fox alikubali malipo madogo ya uongozaji akabaki na haki za bidhaa na za filamu za mwendelezo, na bidhaa hizo zikamtajirisha. Tena Krismasi ya mwaka 1977 kampuni ya Kenner, ambayo haikuwa imepata muda wa kutengeneza midoli ya kutosha, iliuza makasha yasiyo na midoli, ndani yake mkiwa na cheti cha kuja kuipata baadaye, na wazazi wakanunua. Mchekeshaji ana kazi gani mbele ya ukweli wa namna hiyo? Brooks alifanya jambo pekee lililowezekana, akaupeleka ukweli huo mahali patakatifu pa hadithi, pale ambapo shujaa huja kutafuta nguvu ya ndani, na akamkuta mwenye duka.

Wazo moja kubwa lilipotea njiani. Sayari iliyoifuja hewa yake, rais anayekanusha upungufu mbele ya umma kisha anavuta hewa ya kopo akiwa peke yake ofisini, chombo kinachogeuka kuwa mtumishi mkubwa wa kike mwenye mashine ya kufyonza ili kuichota hewa ya wengine: hii ndiyo bunilizi ya kisayansi yenyewe, ile inayochukua tabia ya leo na kuifikisha mwisho wake. Miezi michache baada ya filamu, Septemba 1987, mataifa yalitia saini Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni. Brooks alikuwa na mada mkononi na akaiachia mlio wa mashine. Sisi tunaonunua maji ya chupa ilhali tumekaa kando ya Ziwa Tanganyika hatungeona hewa ya kopo kuwa ya ajabu sana.

Ili kuona Spaceballs imeishia wapi, ni lazima kuiweka karibu na Galaxy Quest ya mwaka 1999, iliyoongozwa na Dean Parisot, ambayo niliiomba kibanda hicho hicho siku nyingine. Inahusu waigizaji wa tamthilia ya anga iliyokwisha kufutwa, ambao wageni kutoka sayari ya mbali wanawachukua kuwa mashujaa halisi, kwa kuwa wageni hao hawajui uigizaji ni kitu gani na waliamini kwamba matangazo waliyoyanasa ni kumbukumbu za historia. Inayochekwa ni Star Trek, iliyorushwa Marekani kuanzia 1966 hadi 1969. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, kwa hiyo si rahisi kumpata Mwanga mtu aliyekulia juu ya tamthilia hiyo. Hata hivyo kicheko kilikuja mahali pake karibu kila mara.

Sababu ni kwamba filamu hii haitegemei majina. Watazamaji wetu wana sheria yao ya zamani: stelingi hafi. Sheria hiyo ina upande wa pili usiotamkwa, kwamba anayekufa ni yule asiye na jina, aliyepelekwa mbele ili tujue hatari ni ya kweli. Galaxy Quest inamchukua mtu huyo, Guy, ambaye katika tamthilia alitokea mara moja tu akafa kabla ya tangazo la biashara, na kumfanya aijue sheria. Wenzake wakishuka kwenye sayari ngeni, yeye analia kwamba hana hata jina la ukoo katika hadithi, kwa hiyo ni yeye atakayekufa. Vijana wa bodaboda walimwelewa kabla mtafsiri hajafungua mdomo. Sigourney Weaver, ambaye katika Alien alikuwa shujaa mwenyewe, hapa anacheza mwanamke ambaye kazi yake yote ndani ya chombo ni kurudia maneno ya kompyuta, na anapolazimika kupita katika ushoroba wa nguzo za chuma zinazogongana bila sababu yoyote ya kiufundi, anamlaani mwandishi wa kipindi kile.

Linganisha jinsi filamu hizi mbili zinavyoshughulikia hesabu ya kurudi nyuma kabla ya mlipuko. Katika Spaceballs sauti inahesabu kumi, tisa, nane, sita. Helmet anauliza saba imekwenda wapi, naye anaambiwa ni utani tu. Mzaha mzuri, na umekwisha. Katika Galaxy Quest mashujaa wanabonyeza kitufe cha kuzima, hesabu inaendelea, wanajiandaa kufa, na hesabu inasimama kwenye moja. Inasimama kwa sababu katika tamthilia daima ilisimama kwenye moja, na wageni waliokijenga chombo waliiga kila kitu walichokiona. Mzaha wa kwanza unaichezea hesabu. Wa pili unaeleza kwa nini waandishi wa filamu za anga huandika hesabu, kisha unaitumia hesabu hiyo hiyo kutuokolea wahusika.

Tofauti ya pili ni imani. Mwigizaji mzoefu anayechezwa na Alan Rickman anaichukia kauli aliyolazimishwa kuirudia maishani mwake mwote, hadi mgeni kijana anayemheshimu anapokuwa anakata roho mikononi mwake, naye anaitamka kwa dhati. Hakuna aliyecheka kibandani. Spaceballs haina dakika kama hiyo na haikuitafuta. Wahusika wake hawaamini chochote, kwa hiyo hakuna kinachoweza kuwauma. Waandishi na mashabiki wa bunilizi ya kisayansi waliipa Galaxy Quest tuzo yao ya Hugo mwaka 2000, jambo ambalo si la kawaida kwa filamu inayowacheka wao wenyewe, na naona hawakukosea.

Mwaka 2025 Brooks, akiwa anatimiza miaka 99, alitangaza kwamba Spaceballs nyingine itatoka mwaka 2027, na kwamba Rick Moranis na Bill Pullman, aliyemcheza Lone Starr, watarejea. Kazi itakuwa ngumu kuliko ya mwanzo. Disney waliinunua kampuni ya Lucas mwaka 2012 kwa zaidi ya dola bilioni 4, na tangu hapo filamu za anga zimejifunza kujitania zenyewe kabla hujazitania, kiasi kwamba mchekeshaji anayekuja na jina lililogeuzwa atakuta wenyewe wamekwisha kuligeuza. Kilichobaki bila kuguswa ni kanuni mpya: kwamba hakuna hadithi inayoruhusiwa kwisha, na kwamba kifo si kizuizi. Katika Rogue One, filamu ya Star Wars ya mwaka 2016, kompyuta ilimrudisha Peter Cushing, mwigizaji wa Star Wars ya kwanza aliyefariki mwaka 1994, akaonekana akitoa amri kama zamani. Moranis alijiweka kando na uigizaji tangu miaka ya 1990 na sasa ana zaidi ya miaka 70. Kama watapaka sura yake ujana kwa kompyuta na kunyamaza, watakuwa wamefuata kanuni; wakimfanya Helmet mzee ainue kifuniko cha helmeti, amwone yule wa mwaka 1987 ameketi kwenye kiti chake, na waanze kugombania nani alipwe, watakuwa wameigusa mahali ambapo wenye filamu wenyewe hawawezi kujicheka.